Bunduki Tuliyoiita Ukoo

Wanangu, jioni mkishaweka randa chini huwa nawaona mnavyokusanyika kwenye simu moja pale nje ya karakana. Mnacheza ule mchezo wenu wa vita. Mnachagua bunduki, mnatoa kitako hiki mnaweka kile, mtutu mfupi mnaubadilisha kwa mrefu, darubini juu, taa chini, yote kwa kidole. Juzi mmoja wenu akaniita. "Mzee Filipo, njoo ucheki! Hii bunduki moja, ukibadilisha vitu inakuwa tatu. Enzi zenu hamkuwa nazo hizi." Nikacheka, mkadhani nimefurahi.

Tulikuwa nazo. Mimi nilizichonga.

Hapa Kibondo mnanijua kwa milango na mipini ya majembe. Wengi wanadhani nilikuwa seremala wa serikali, natengeneza vitanda na madawati, nami sikuwasahihisha. Sasa nimestaafu, na kazi yenyewe imeshafungiwa stoo. Sitawatajia karakana ilikuwa wapi, wala sitawaeleza namna ya kutengeneza kitu ambacho hamna haja nacho. Nitawaeleza kazi ilivyokuwa, na nitawaeleza habari za Hamisi.

Cheo changu kilikuwa mchonga mifano. Kabla chuma hakijakatwa, mtu lazima aone kitu kitakavyokaa mkononi. Injinia anachora, mimi nachonga kwa mti, kwa ukubwa wake kamili, hadi triga. Mninga ulikuwa mzuri kwa kitako kwa sababu hautoi vibanzi. Mpodo ulifaa sehemu nyembamba. Mtu akiushika mfano akasema "hapa pananibana", napunguza kwa tupa. Akisema "hapa panateleza", naongeza kipande kwa gundi. Chuma hakikubali kuongezwa, mti unakubali. Ndiyo maana tulianza na mti.

Mkubwa wetu alikuwa Injinia Lutambi, mtu mrefu, mkimya, aliyetembea na karanga mfukoni. Kila mchoro wake ulikuwa na maganda ya karanga. Siku ya kwanza alituita tukae kwenye mabenchi, akatueleza anachotaka.

"Askari wa kwenye gari anataka bunduki fupi," alisema. "Wa doria anataka ya kawaida. Na yule anayewalinda wenzake anataka bombomu, ile ya kumimina risasi. Hizo ni silaha tatu, kila moja na vipuri vyake. Ikiharibika moja huko porini, vipuri vya jirani havisaidii. Mimi nataka mwili mmoja. Ukitaka fupi, unabadilisha viungo. Ukitaka bombomu, unabadilisha viungo."

Sauti ikatoka nyuma: "Injinia, basi huo ni ukoo. Damu moja, watu mbalimbali."

Aliyesema ni Hamisi. Jina likashika papo hapo. Bunduki fupi ikawa Mdogo, ya kawaida ikawa Kaka, bombomu ikawa Baba. Hata wakubwa waliokuja na suti kukagua walijikuta wakiuliza, "Baba yuko tayari?"

Hamisi alikuwa mtu wa Kasulu. Kazi yake ilikuwa kuunganisha na kujaribu: kile ninachochonga mimi kikishatengenezwa kwa chuma, yeye ndiye anayekipiga shabaha. Tulijuana kwa kidole changu. Wiki niliyofika nilijigonga dole gumba kwa nyundo, nikapiga kelele, "Yoo mawe we!" Upande wa pili wa karakana kijana mmoja akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Akaja. "Muha wewe," akaniambia. "Hakuna mtu anayejiumiza kwa lugha ya kigeni." Tangu hapo asubuhi zote zilianza kwa "Mwakeye", salamu ya kwetu, na chakula cha mchana tulikula sahani moja, yeye Mwislamu na mimi Mkatoliki, tukilalamika pamoja kwamba watu wa huko hawajui kupika maharage.

Kazi ile ilikuwa na vichekesho vyake. Kuna siku nilitoka getini na mfano wa Kaka begani, nikapime kivuli chake juani. Nilikuwa nimeshaupaka rangi nyeusi. Mlinzi mpya, ambaye hakuwa ameambiwa kitu, akatupa rungu lake na kuinua mikono. "Kaka, nina watoto," akasema. Na mimi kwa kuona mtu ameinua mikono, nikaogopa, nikainua yangu, ubao ukaanguka ukavunjika kitako. Tukabaki tunatazamana, wote wawili mikono juu. Hamisi aliisimulia habari hiyo mpaka mlinzi mwenyewe akahama lindo.

Siku nyingine nilipeleka kitako nilichokuwa nakionea fahari. Injinia akakishika, akakirudisha. "Umempimia nani hiki?" Nikamwambia nimejipimia mwenyewe. Mnaniona nilivyo mfupi. Akanituma nikamtafute askari mrefu kuliko wote, na mfupi kuliko wote, na mwanamke, na mtu aliyevaa koti zito la mvua. Nilizunguka na kitako changu kama muuza nguo. Wote wanne hakikuwakaa. Hapo nilijifunza kwamba fundi akijipimia mwenyewe ametengeneza kitu cha mtu mmoja. Hata mlango, wanangu. Mkimtengenezea bibi kizee mlango, msiweke kitasa mnakofika nyinyi.

Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa jingine. Alikuwa anatupaka sabuni mikononi, anatufunga kitambaa machoni, halafu anatuambia tufungue silaha na kuifunga tena. Hamisi alikuwa bingwa. Alikuwa anaimba huku anafunga. Injinia anasimama pembeni, anatafuna karanga, anasema, "Msitengeneze kitu cha mtu aliyelala vizuri. Tengenezeni cha mtu aliyechoka na anayeogopa. Na kitu kinachoweza kufungwa vibaya, siku moja kitafungwa vibaya."

Alilisema mwenyewe hilo, na aliliamini. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Fahari ya Ukoo ilikuwa ni viungo kuingiliana. Wageni walipokuja, Injinia alichukua kiungo kutoka kwa Kaka akakiingiza kwa Mdogo, kikaingia bila kelele, wakapiga makofi. Sasa Baba alikuwa mkubwa na mwenye nguvu zaidi, na kifungio chake, kile kinachoziba nyuma ya risasi, kilitakiwa kiwe chake peke yake. Kwa macho vilifanana. Kwa mkono vilifanana. Kifungio cha Kaka kiliingia kwa Baba, kikalia "tak" vizuri kabisa, kama kilichofika nyumbani.

Ilikuwa siku ya wageni. Walitaka kuona Kaka akigeuzwa kuwa Baba mbele ya macho yao, haraka. Viungo vilipangwa mezani. Hamisi akageuza, anaimba kama kawaida yake. Mimi nilikuwa nimesimama mbali kidogo, nimeshika mfano wa mti ili wageni wasiotaka chuma waushike. Akalala chini nyuma ya Baba, akapiga. Zile za kwanza zilitoka sawa. Halafu ukatokea mlio mwingine, mfupi, usiofanana na ile mingine, na Hamisi akageuka ubavu taratibu kama mtu anayejigeuza kitandani.

Nilifika kwake wa kwanza. Nilimwita kwa Kiha. Hakuna jibu lililokuja, kwa Kiha wala kwa lugha nyingine.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kwao, nikapewa kazi ya kumpeleka nyumbani. Kabla ya kuondoka nikaitwa ofisini na mkubwa mmoja ambaye hata jina lake sikuwahi kulijua. "Utasema ni ajali ya mashine," aliniambia. "Hutasema mashine gani." Nikajibu ndiyo afande, ingawa sikuwa askari.

Wakati ule barabara yetu ilikuwa bado vumbi na matope. Tuliingia Kasulu asubuhi, mvua ikinyesha, gari limejaa udongo mwekundu mpaka vioo. Duka la mama yake lilikuwa karibu na soko. Bi Zena alikuwa mwanamke mwembamba, mtaratibu, anauza sukari, chumvi, mafuta ya taa, sabuni ya mche na kanga. Alikuwa ameshapigiwa simu. Alisimama mlangoni, akaangalia jeneza likishushwa, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Kisha akaniangalia mimi. "Wewe ndiye Filipo? Yule aliyekuwa anakula naye sahani moja?" Nikasema ndiye mimi. Akanishika mkono akanipeleka kwenye jamvi, akaniagizia uji. Mtoto wake kalala ndani ya sanduku, na yeye ananiagizia uji.

Mkubwa yule alipokuwa ananipa maneno ya kusema, hakufikiria kwamba Mwislamu huoshwa kabla ya kuzikwa.

Baba mdogo wa Hamisi, Mzee Juma, ndiye aliyeongoza kuosha. Alikaa kule ndani kwa muda, kisha akatoka peke yake, mikono bado imelowa, akaja moja kwa moja nilipokaa na wanaume wengine. Akaniita pembeni ya nyumba, chini ya paa lililokuwa linachuruzika.

"Umetuambia mashine," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mimi ujana wangu niliwinda kwa gobole. Najua baruti ikiingia kwenye ngozi inavyokaa. Hii mashine yenu inakula baruti?"

Maji ya paa yalikuwa yanatuangukia begani na hakuna aliyesogea.

"Ni bunduki, baba," nikasema. "Tulikuwa tunaitengeneza. Yeye alikuwa anaijaribu."

Akafuta mikono kwenye msuli wake, polepole, kila kidole. "Kwa hiyo hakupigwa na adui."

"Hapana."

"Amepigwa na kazi ya mikono yake." Akavuta pumzi. "Mama yake asisikie. Siyo leo." Akarudi ndani kumaliza kumvisha sanda.

Tulimzika mchana ule. Mimi niliomba kwa dini yangu, kimyakimya, hakuna aliyenikataza.

Kesho yake, watu walipopungua, Bi Zena akaniita uani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na mwanamke wa Kikongo aliyeitwa Mama Furaha, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu. Mama huyo alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Hununua sabuni na chumvi kwake na kwenda kuziuza rejareja kambini. Alikuwa ameomba kibali akaja kulia na mwenzake.

Bi Zena akasema kwa Kiha, "Filipo, mwana wanje," yaani mwanangu, "jana ulinieleza kwa Kiswahili cha ofisini. Leo nieleze kwa lugha ya nyumbani. Mwanangu kafanywa nini?"

Mzee Juma alikuwa amekaa mlangoni. Nilimtazama. Akainamisha kichwa, nikaelewa kwamba hatanizuia.

Nilimweleza. Nilimweleza yote, habari ya Mdogo na Kaka na Baba, na kwamba jina la Ukoo alilitoa yeye Hamisi, na kwamba aliimba alipokuwa anafunga. Hapo kwenye kuimba ndipo alipojifunika uso kwa kanga. Mama Furaha hakuwa anasikia Kiha vizuri lakini neno bunduki alilisikia. Akauliza, "Kumbe ni masasi ndiyo ilimuua?"

Nikasema ndiyo, kwa namna fulani ni risasi.

"Miye pia nilipoteza mutoto na masasi," akasema Mama Furaha. "Lakini kwetu ilikuwa vita. Hapa kwenu, vita iko wapi?"

Mpaka leo sijapata jibu la kumpa.

Bi Zena akafunua uso. "Mlikuwa mnamtengenezea nani?"

"Jeshi letu, mama. La kulinda mipaka."

"Na sasa? Mtaendelea?"

"Sijui, mama. Si mimi ninayeamua."

Akafikiri. Alikuwa na macho kama ya Hamisi, yanayokaa juu ya kitu bila kukipita. "Sikulaumu," akasema. "Lakini mkiendelea kuitengeneza, usije tena kwangu. Nikikuona nitakuwa naisikia ile sauti ambayo sikuisikia. Siku mtakapoiacha, njoo uniambie."

Niliondoka na maneno hayo.

Kazini nilikuta tume imeshaketi. Palikuwa na watu waliotaka iandikwe kwamba Hamisi alikosea kufunga, na ukilitazama kwa juujuu ni kweli, mikono yake ndiyo iliyoweka kifungio cha Kaka ndani ya Baba, kikashindwa nguvu zake na kumlipukia. Injinia Lutambi alisimama mbele yao. Siku hiyo hakuwa na karanga. Alisema, "Hamisi alifunga kitu ambacho mimi nilikiacha kiweze kufungwa. Andikeni jina langu." Walimwomba aketi, apumzike, afikirie. Akarudia maneno yale yale. Wakaandika.

Ningependa kuwaambia kwamba kazi ilikufa siku ile. Haikufa. Injinia alituita, akatuambia kwa sauti ya chini, "Ukoo ukiachwa ulivyo, siku moja mtu mwingine atautoa stoo na kuutumia. Nisaidieni niurekebishe." Tukabaki. Nilichonga vifungio vya mti mpaka nikaviota. Tulitafuta umbo ambalo, hata ukiwa kipofu na umechoka na unaogopa, cha Kaka kikatae kabisa kuingia kwa Baba. Tulilipata. Siku tulipolipata, Injinia alijaribu kukiingiza kwa nguvu, kikakataa. Akajaribu tena kwa nguvu zote, kikakataa. Akakiweka mezani, akatoka nje, akalia tukimsikia. Baada ya hapo aliomba kustaafu. Nasikia alirudi kwao akalima. Sikumwona tena, na alipofariki nilisikia kwa watu, mazishi yameshapita.

Nami niliendelea, kwa sababu nilikuwa na mke na watoto, na kwa sababu ndiyo kazi niliyoijua. Kila likizo nilipokuja huku Kibondo basi lilipita Kasulu. Dereva husimama pale sokoni watu wanunue ndizi. Nilikuwa nabaki ndani. Kutoka dirishani nilikuwa naona mlango wa duka lake, na mara moja moja nilimwona mwenyewe, anamfungia mteja chumvi. Alikuwa anazeeka, nami naona kwa mafungu, mwaka hadi mwaka, kama mtu anayeonyeshwa picha. Sikushuka. Alikuwa ameniambia nisije, na alikuwa na haki.

Mwisho wa Ukoo ulikuja kimyakimya. Hakuna ajali, hakuna tume. Iliamuliwa tu, huko juu, kwamba silaha zitanunuliwa tayari kutoka nje, ni rahisi zaidi. Tukaambiwa tuvipange viungo kwenye makasha, Mdogo, Kaka, Baba, tukavipaka mafuta, tukafunga milango. Wenzangu walihuzunika kwa ajili ya kazi ya maisha yao. Mimi nilisimama pale na kasha mikononi nikiwaza kwamba sasa ninaruhusiwa kushuka Kasulu.

Hata hivyo nilichelewa. Niliogopa. Mama anayejua mwanawe alikufa kwa ajili ya kazi kubwa ana kitu cha kushika. Ningeendaje kumwambia kwamba kazi yenyewe iko stoo, inaota kutu? Nilistaafu, nikajenga karakana hii, nikawachukua nyinyi niwafundishe, na bado sikuwa nimekwenda. Ni mwaka huu, baada ya mvua za kwanza, ndipo nilipopanda gari asubuhi. Sasa ni lami tupu, tukapita Makere, karibu kufika, kabla sijapata hata ujasiri wa kuanza kuwaza nitasema nini.

Bi Zena alikuwa palepale. Amepungua, miwani imefungwa kwa uzi, lakini duka lake lilikuwa safi kama zamani. Nilimwamkia "Mwakeye, mama", akaitika, akanitazama, akaendelea kunitazama. Hakutaja jina langu. Akauliza tu, "Mmeacha?"

"Wameacha, mama. Kitambo. Nilichelewa kuja."

"Ilitoka? Wakapewa askari?"

"Haikutoka. Imefungiwa stoo."

"Haikwenda vitani popote?"

"Haikwenda popote."

Alishusha pumzi, akashika ukingo wa meza. "Kwa hiyo haikuua mtu."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema hapana. Ukabaki wazi. Yeye pia akawa amelisikia neno lake mwenyewe, nikaona likimrudia usoni.

"Mmoja tu, mama," nikasema.

"Wangu," akasema.

Akanisogezea kigoda, nikakaa upande wa ndani wa meza, mahali ambapo hukaa mtu wa nyumbani. Akaja mteja, binti mdogo mwenye sare ya shule, akaomba sukari robo kilo. Bi Zena akachukua kijiko cha kupimia, akakitumbukiza kwenye sukari, mkono ukakataa kuinuka. Nikainuka, nikakipokea taratibu kutoka kwenye vidole vyake, nikampimia yule mtoto sukari, nikafunga fundo la mfuko. Kisha akaja mwingine, akataka chumvi. Nikauza dukani pale mpaka jioni, naye ameketi kwenye kigoda nyuma yangu, analia kwa sauti ndogo, na kila mteja alipouliza bei, yeye alinitajia huku analia.